Gitaa Lililofichwa Darini

Gerezani, Rukwa
11 Februari 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Malaria ya mwezi uliopita imeniacha na nimerudi kwenye kikosi cha shamba, tunapalilia mahindi. Mvua ya huku si kama ya kwetu Dodoma, inayokuja siku tatu na kuaga. Huku inakaa kama mgeni asiyejua njia ya kurudi. Msalimie Mama Mkubwa Elieth, mwambie soksi alizonitumia bado ninazo, na mtu mmoja aliyejaribu kuziiba hajarudia.

Nina ombi moja. Mwenye nyumba wa Makole anabadilisha bati zote mwezi wa tatu. Darini, juu ya chumba nilichokuwa nalala, kuna gitaa la baba, nimelifunga kwenye turubai. Mama anaamini nililichoma moto. Nenda ulichukue wewe mwenyewe kabla mafundi hawajapanda, na uende saa ambayo mama yuko kwenye biashara yake ya chakula. Asilione.

Nataka ulirudishe lilivyotoka kiwandani, kabla baba hajaligusa. Nyuzi zote kumi na mbili. Rangi yote itoke. Na nakuomba, usikwangue polepole kama unavyofanya wewe. Chukua msasa mkali, au mpe fundi mwenye mashine, lipigwe mpaka mbao iwe nyeupe.

Barua zetu husomwa ofisini kabla hazijatoka, kwa hiyo naishia hapa.

Mwanao,
Brighton


Mvumi
3 Machi 2024

Mwanangu Brighton,

Mbukwenyi, kwa salamu ya kwetu. Hapa nyumbani tunakula mlenda mpya na karanga mbichi, na mtama umefika magotini. Mama yako mkubwa alifanyiwa upasuaji wa jicho hapa hospitali ya misheni, na sasa ananiona vizuri kuliko ninavyopenda. Mdogo wako Penina ameingia darasa la tano. Anauliza habari zako kila ninapokwenda mjini, nami namjibu kama ulivyoniagiza, kwamba unalima.

Gitaa ninalo. Nilipanda ngazi na miaka yangu sabini na moja, nikalishusha, nikalileta kwenye basi la Chamwino huku limefungwa kwenye kanga kama mgonjwa. Limelala kwenye benchi langu tangu juzi.

Sasa nikueleze, maana hutakiwi kuagiza kazi usiyoielewa. Hili ni gitaa la umeme lililoundwa Ulaya mwaka 1967. Mwili wake ni ubao mzima, hauna uwazi ndani, ndiyo sababu ni zito kama jembe na nyundo vikiunganishwa. Nyuzi zake zimepangwa jozi sita, kila uzi na pacha wake. Zote kumi na mbili zikikazwa, zinaivuta shingo kwa nguvu inayokaribia gunia la kilo mia. Wanafunzi wangu wa fizikia nilikuwa nawaambia: gitaa lililotulia ukutani halijatulia hata kidogo, limo vitani, ila pande mbili zina nguvu sawa.

Baba yako alilinunua Nairobi mwaka 1988 na alilibadilisha sana. Tundu lile alilotoboa karibu na daraja linaloshikilia nyuzi, akalifunika kwa utando wa buibui ili sauti iwe na mvumo kama wa ilimba, kinanda cha vidole gumba cha wazee wetu, ndilo lililompa jina kwenye kumbi zote za Dodoma. Hakuna kiwanda duniani kilichowahi kuwaza hivyo. Unaniambia nilizibe? Mtu hazibi mdomo wa ndugu yake aliyekwisha kufa.

Chuma kilicho kwenye kiungo cha shingo na mwili ni changu mimi. Nilikikata kutoka kwenye springi ya Land Rover mwaka 2008, nikakifunga kwa boliti sita. Nimekigonga jana kwa nyundo. Kingali imara, na nakiri nilijisikia vizuri.

Jambo moja linanishangaza. Hii rangi nyekundu ya geti siijui. Baba yako Tumsifu asingepaka gitaa lake rangi ya geti. Nitaitoa kwa kisu, tabaka kwa tabaka, nione vanishi ya zamani imesalimika kiasi gani. Msasa ni wa mtu asiyetaka kujua kilichopo chini.

Baba yako mkubwa,
Elisante


Gerezani
28 Machi 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo, na poleni kwa jicho la Mama Mkubwa. Nafurahi anaona.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilifungiwa peke yangu siku saba. Kuna mfungwa anaitwa Ludovick, tunalala naye chumba kimoja. Alininyang'anya barua yako akapanda juu ya ndoo, akawa anawasomea wenzake kwa sauti ya mwalimu mzee. "Gitaa limo vitani, wanafunzi," anasema, "ila pande mbili zina nguvu sawa." Wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo. Alipofika pale pa mdomo wa ndugu aliyekufa, nilimpiga kwa bakuli la bati. Alipoanguka niliendelea. Meno mawili yalitoka, na sikio likachanika mpaka wakamshona. Walinitoa juu yake watu wanne, nami nilikuwa bado nahesabu mapigo kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama baba alivyokuwa anahesabu wapigaji wake kabla ya wimbo.

Siku saba zile nilikaa nautazama mkono wangu.

Kwa hiyo, Baba Mkubwa, sikuombi tena kwa adabu. Ziba lile tundu. Toa kile chuma. Piga msasa. Hujaombwa kuona vanishi. Umeombwa kufuta.

Brighton


Mvumi
21 Aprili 2024

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na ya pili nilisimama. Meno ya mtu, Brighton. Wewe uliyekuwa unalia tukichinja kuku wa Krismasi.

Habari za huku ni za kawaida: uwele umekomaa na ndege wanaufaidi. Mama yako hajambo. Mkono wake wa kulia umezidi kukataa kunyanyuka msimu huu wa mvua, kwa hiyo ugali wa wateja anausonga kwa kushoto. Anasema mwiko haujui tofauti.

Naendelea kukwangua. Nimemaliza upande wa mbele na nimefikia ubavuni. Unataka nifute, nami nakueleza kwa nini siwezi kufanya hivyo nimefumba macho. Kitu kilichobadilishwa kina historia, na fundi anayerudisha kitu lazima kwanza ajue kila badiliko lilitokea lini na kwa nini, la sivyo atatengeneza uongo. Hapa naona ufa wa ubavuni nilioubana kwa gundi mwaka 2012, na kipande cha mninga nilichopachika karibu yake mwaka 2016. Naona daraja nililolirudishia mwaka 2019. Naona vigingi sita vya nyuzi vimeng'olewa na mashimo yake yamezibwa kwa vijiti, kazi ya baba yako mwenyewe, mwaka 2012 nadhani. Aliniambia nyuzi zilikuwa adimu. Aliniambia pia kwamba lilianguka jukwaani, mara nyingine kwamba lilidondoka kutoka kwenye lori la vyombo. Nilikuwa nikimtania: "Tumsifu, gitaa lako lina kifafa?"

Baba yako alikuwa na hasira, sibishi, na mahakamani nilikusikia ukisema hivyo. Lakini alikuwa pia na mikono iliyoweza kumfanya mzee wa miaka themanini anyanyuke kitini acheze. Naomba uniachie hiyo nusu yake.

Niambie unachokijua kuhusu hayo mabadiliko, ili nifanye kazi yangu.

Elisante


Gerezani
19 Mei 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Tumevuna mahindi na nimepewa kazi ya kupukuchua. Ludovick ameomba kulala karibu yangu, eti hakuna atakayemgusa akiwa pale. Hayo ndiyo mapenzi ya huku.

Umetaka historia. Mahakamani nilisema "alikuwa anatupiga" na hakimu akaandika maneno mawili. Nakuandikia wewe yaliyobaki. Na anayesoma barua hii ofisini asome, hakuna siri ndani yake.

Mwaka 2008. Halikuanguka jukwaani. Baba alilishika shingo kwa mikono miwili kama anayepasua kuni, akamshushia mama. Mama alikinga kwa mkono wa kulia. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nimekaa na daftari la hesabu, nikasikia milio miwili, wa mfupa na wa mbao, karibu kwa pamoja. Mwili wa gitaa ukakatika pale kwenye kiungo, ukaning'inia kwa nyuzi. Hilo ndilo lililomnusuru mama, maana baba alikuwa amenyanyua mara ya pili. Alipoona limekatika alikaa chini akalia. Alilililia gitaa.

Mwaka 2012. Nyuzi hazikuwa adimu. Aling'oa sita, akazisuka, akazifunga kwenye mpini wa fagio. Migongo yetu ndiyo ilikuwa inajua kazi ya zile nyuzi. Na ubavu wa gitaa uliopasuka mwaka ule ulipasukia kwenye mbavu za mama, akiwa na mimba iliyomtangulia Penina. Haikukaa.

Mwaka 2016. Kipande chako cha mninga. Pale palikuwa mfupa wangu wa bega. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimemzuia asipite.

Mwaka 2019. Daraja. Mdomo wa mama. Ndiyo maana akicheka anaweka kiganja.

Kila mara baba alilipeleka kwako likiwa limevunjika, na likarudi zima. Alikuwa anakusifu sana. "Kaka Elisante ana mikono," anasema, akilipapasa.

Sasa na mimi nina swali. Mwaka ule wa 2008, siku ya tatu, mama alipanda basi akaja kwako Mvumi mkono ukiwa umefungwa kwenye kitenge. Alikaa kwako kutwa. Jioni akarudi, na gitaa amelibeba yeye. Mlizungumza nini?

Brighton


Mvumi
30 Juni 2024

Mwanangu Brighton,

Baridi na upepo wa Juni vimeingia, na vumbi liko hata ndani ya sukari. Karanga tumezipura. Mama yako mkubwa anakusalimu.

Nimechelewa. Sina udhuru wa kuandika.

Nimemaliza ubavu na mgongo, na juma lililopita nilifika kwenye shingo. Karibu na kichwa, chini ya rangi nyekundu, kisu kilitoa tabaka jembamba la kahawia ambalo si vanishi. Nikaacha kisu nikachukua kitambaa na mafuta ya taa. Nimeikuta alama ya mkono. Vidole vinne upande mmoja, kidole gumba upande wa pili, kama mtu aliyeshika mpini wa jembe kwa nguvu zote. Nikalaza mkono wangu juu yake bila kuigusa. Ni mkono wa kushoto, na ni mdogo, na kwenye kidole kimoja kuna mstari wa pete.

Wewe huna mkono mdogo. Tangu ukiwa darasa la saba tulikuwa tukikuita Sepetu.

Ulisema mahakamani kwamba ulimpiga baba yako kwa mtwangio. Sijakuuliza tena habari za mtwangio, kwa kuwa barua hizi zina wasomaji. Lakini mimi ni mzee wa kanisa, na miaka thelathini na minne nimesimama mbele ya watoto nikiwaambia kwamba kila mtu hubeba mzigo wake mwenyewe. Nimesimamisha kazi. Gitaa nimelifunga kabatini na ufunguo ninao. Nafikiria kwenda mjini kuonana na mwanasheria.

Swali lako nimelisoma.

Elisante


14 Julai 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Barua hii haikupita ofisini. Imekuja ndani ya kandambili ya Khamisi, mtu wa Kondoa aliyemaliza kifungo chake juzi. Mpe chai na usimuulize chochote. Kusoma hajui, ila kusikiliza anajua sana. Ukishaisoma ichome mbele yake, ndivyo tulivyokubaliana.

Usiende kwa mwanasheria. Nakupigia magoti huku niliko.

Ilikuwa Jumapili mchana, umeme umekatika, watu wametoka kanisani. Baba alikuwa na hasira ya bendi iliyomwacha. Nilipoingia kutoka kwenye mpira alikuwa amemshika Penina nywele, mtoto wa miaka minane, anamgonga kichwa kwenye mlango, na anahesabu. Moja, mbili, tatu. Penina alikuwa amenyamaza. Mtoto akinyamaza, Baba Mkubwa, ndipo unaogopa. Nilisimama. Sikusogea. Mimi mwenye mikono kama sepetu nilisimama kama mlingoti. Mama alikuwa sakafuni, damu inamtoka puani, ameishika kwa kiganja. Akainuka, akaliokota gitaa kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukisaidia kwa chini, akampiga baba hapa juu ya sikio. Nilisikia mfupa. Mbao sikuisikia. Baba akaanguka, akajaribu kupiga magoti, na mama akapiga tena. Na tena. Nilipomshika mkono alikuwa hanioni. Uso wa baba haukuwa wa mtu ninayemjua.

Gitaa halikuvunjika. Hili sikutaka kukuandikia, lakini umenilazimisha. Lilivunjika kwenye mkono wa mama, na kuvunjika kule ndiko kulikomwacha hai. Kwenye kichwa cha baba halikuvunjika kwa sababu ya chuma cha Land Rover. Chuma chako kilishika, Baba Mkubwa. Ulifanya kazi nzuri.

Yaliyofuata niliyafanya mimi, na niliyafanya haraka. Nilimpeleka mama bafuni na Penina. Nilichovya mtwangio kwenye damu pale sakafuni. Rangi ya geti ilikuwepo, nikalipaka gitaa, nikalipandisha darini rangi ikiwa mbichi. Ningelichoma, lakini moshi wa mchana ule ungewaleta majirani, na kesho yake nilikuwa mahabusu. Kisha nikatembea mpaka ofisi ya mtaa. Mama alipopata fahamu zake nilikuwa nimekwisha kuandikisha maelezo. Alitaka kusema. Nikamwambia, "Mama, ukisema, Penina atalelewa na nani?" Akanyamaza, na amenyamaza mpaka leo. Miaka minane nimepewa, kwa msamaha wa tabia njema nitatoka mwakani au wa pili yake, kama sitamtoa mtu mwingine meno.

Wala usinifanye mtakatifu. Lile gitaa nilikwisha kulinyanyua juu ya baba mara mbili akiwa amelala, nikashindwa. Mama alinitangulia tu.

Ulichonisomea kuhusu mzigo wa kila mtu ni kweli. Basi uangalie vizuri huu ni wa nani. Ukienda kwa mwanasheria, sema na ule wa 2008.

Brighton


Mvumi
8 Septemba 2024

Mwanangu Brighton,

Mbukwenyi. Zabibu za jirani zimevunwa, mtama uko ghalani, na mama yako mkubwa amerudi kushona. Khamisi alifika salama. Alikunywa chai vikombe vitatu, akaota moto kidogo pamoja nami, akaenda zake Kondoa.

Nakuandikia kwa njia ya kawaida, nikijua inasomwa, kwa hiyo nitazungumzia gitaa.

Kwanza nikujibu. Mwaka 2008 mama yako Lea alikaa pale kwenye kigoda karibu na benchi langu, mkono wake umevimba kama mhogo. Gitaa lilikuwa mezani, limekatika. Niliviona vyote viwili, mkono na mbao. Mimi ni mtu wa fizikia, Brighton. Nilijua tangu asubuhi ile kitu gani kilikutana na kitu gani. Akaniambia, "Shemeji, nikirudi ataniua." Nikamwambia, "Lea, Tumsifu ana hasira ya wasanii. Vumilia, atakua." Kisha nikamweleza, kwa saa nzima, jinsi chuma cha springi kinavyovumilia kupindwa. Nilimweleza vizuri sana. Mkono wake sikuupeleka hospitali, na hospitali iko hapa, mwendo wa dakika kumi. Niliogopa daktari angeuliza. Ukaunga kombo kwa sababu hiyo. Jioni nikambebesha gitaa likiwa zima na nikampandisha basi.

Nilifanya hivyo mara tatu nyingine, na hizo mara tatu hata kuuliza sikuuliza. Nilimtania mdogo wangu kuhusu kifafa. Mtani haulizi kwa sababu hataki jibu. Nimewaza sana habari ya kile chuma. Kama ningekuwa fundi mbaya, ndugu yangu angekuwa hai. Kama ningekuwa shemeji mwema, vilevile. Nilichagua kuwa fundi mzuri.

Kwa mwanasheria sikwenda. Kunyamaza kwangu kwa kwanza kulikuwa woga. Huku kwa sasa sijui kunaitwaje, na nitakapoulizwa na Mwenye kuuliza nitajibu mwenyewe, sitamsukumia mtu.

Mwezi uliopita nilimwita mama yako aje alione gitaa. Niliona si haki aendelee kudhani lilichomwa. Alikuja na mfuko: shuka, sabuni, kandambili, na nguo za Penina zimekunjwa kwa ajili ya kubaki hapa kwetu. Alikuwa tayari kwa safari ambayo wewe ulimkatalia. Nikamwambia, "Mwanao bado anakataa." Akasema, "Miaka mitatu nimeamka kila siku nimevaa mawazoni nguo za hiyo safari, shemeji. Mnanikataza kwa zamu." Nikamwomba akae kwanza. Alikaa kwenye kigoda kilekile.

Akaiangalia shingo muda mrefu, mahali pale nilipokusimulia. Akauliza, "Itatoka?"

"Inatoka," nikamwambia.

"Basi itoe nikiwa naona."

Shingo ile sikuipiga msasa. Niliipasua kwa shoka, yeye ameshika mwisho mmoja, na tukaiwasha chini ya sufuria. Ilikuwa mbao kavu ya miaka hamsini na saba, iliwaka vizuri. Maharage yaliiva. Tulikula, naye alikula.

Nikamuuliza anataka gitaa lenyewe liweje. Wewe ulitaka la kiwandani, mimi nilitaka la Tumsifu, na hakuna aliyewahi kumuuliza mtu ambaye mwili wake umelijua kuliko sisi. Alifikiri. Akasema, "Liwe jepesi."

Basi nimelifanya jepesi, na nakueleza namna. Nilipasua mwili ubavuni kwa msumeno kama anayefungua mkate, nikauchimba ndani kwa patasi na nyundo siku kumi na moja, hadi kuta zikabaki unene wa kidole changu kidogo, na kifuniko unene wa ganda la kibuyu. Kila pigo la nyundo nilijua nampiga nani. Chuma cha springi nimekifungua boliti zote sita. Kiko shimoni, shimo la choo cha zamani. Kiungo nimekifanya cha mbao tupu, na gundi dhaifu, ile ninayowakataza wanafunzi. Shingo mpya nimeichonga kwa mbao ya mkongo. Vigingi sita vilivyong'olewa nimevirudisha, kwa hiyo nyuzi zitakuwa kumi na mbili, kila mmoja na pacha wake. Lile tundu nililiacha wazi. Nilimuuliza yeye kwanza, akasema, "Tundu halikunipiga."

Alhamisi iliyopita lilikuwa tayari kwa nyuzi. Mama yako alikuja na Penina, ambaye alikwenda kumsaidia mama yako mkubwa kuchambua mchele. Lea akalinyanyua kwa mkono wa kushoto. Akalipima.

"Jepesi kama ungo," akasema.

"Ndivyo ulivyotaka."

"Sogea, shemeji."

Nikasogea, nikidhani anataka mwanga. Akalishika shingo kwa ule mkono wa kushoto, wa kulia ukisaidia kwa chini, akalinyanyua mpaka juu ya kichwa, akalishusha kwenye kona ya benchi langu kwa nguvu ambayo sikujua mwili ule unayo. Nilifumba macho. Nilisikia mlio mmoja tu. Nilipofumbua, ubavu wa gitaa ulikuwa umebonyea kama yai, shingo imechomoka kwenye kiungo iko mkononi mwake, na kona ya benchi haina hata mchubuko. Akapitisha vidole pale kwenye kona, akaipapasa huku na huku, anatafuta alama. Hakuipata. Akaulaza mkono wake wa kulia juu ya benchi palepale, ule uliounga kombo, akautazama.

Penina alichungulia mlangoni. "Mama, kimeanguka nini?"

"Hakijaanguka," Lea akamjibu. "Nimekipiga mimi, kikavunjika chenyewe."

Akaniwekea vipande mezani. Akasema, "Sasa litengeneze. Akitoka atalikuta."

Nimelianza leo asubuhi. Nitapachika kiraka cha mninga ubavuni, na kitaonekana, sitakificha kwa rangi. Hii ni mara ya tano nalitengeneza gitaa hili, mwanangu. Zile nne nililetewa, nikalipokea bila kuuliza limevunjikia wapi. Hii ya tano nilikuwepo.

Baba yako mkubwa,
Elisante